Marashi ya Ubani na Harufu ya Nguo Iliyofukizwa Jana

Ukimwambia mtu unatengeneza marashi ya ubani, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye moshi. Atakutajia maulidi, atakutajia chumba cha bi harusi, Mkristo atakutajia misa ya Pasaka, na wote wanachokiona machoni ni lile wingu jeupe linalopanda kutoka kwenye chetezo. Mimi nachanganya marashi hapa Unguja, nauza chupa ndogo ndogo kwa wanaonijua na kwa wanaoletwa na wanaonijua, na kazi imenifundisha kinyume chake. Moshi hauingii kwenye chupa, na ukiulazimisha uingie unapata harufu ya jikoni. Kinachoingia ni kile kinachotoka kwenye ubani kabla haujaungua, na kile kinachobaki kwenye nguo kesho yake.

Aliyenifungua macho si mtu wa marashi ya dukani. Ni somo yangu, yaani kungwi wangu, mama wa Malindi, Mji Mkongwe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiitwa kwenye nyumba zenye harusi kumshughulikia bi harusi: kumsinga, kumpaka liwa, kumfukiza nywele na nguo. Mimi nilikuwa nikimfuata kumbebea vitu vyake.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni la moto. Wengi huwasha makaa, huyapepea yawe mekundu, kisha humwaga udi juu. Moshi mzito unapanda, chumba kinajaa, watu wanakohoa, na kila mtu anasema udi umekolea. Somo hakufanya hivyo hata siku moja. Makaa aliyawasha uani, akayaacha mpaka yawe meupe pande zote, ndipo akayatia kwenye chetezo cha udongo. Kisha akachukua jivu alilokwisha kulichekecha, akayafunika makaa mpaka wekundu usionekane. Halafu akaweka kiganja juu ya chetezo na kusoma Bismillahi Rahmani Rahim. Akifika mwisho bila kuondoa mkono, moto umekaa sawa. Asipofika, anaongeza jivu. Udi ukiwekwa juu ya jivu lile haurushi cheche. Unalainika, unang'aa, unatoa povu dogo ukingoni, na harufu inaanza kutoka kabla hujaona uzi wowote wa moshi. Siku moja binti wa nyumba tuliyokwenda alikuwa na haraka, akachukua kijiko alisogeze jivu ili moto upande. Somo akamshika mkono.

"Mwanangu, hapo utakuwa umechoma sukari. Udi bado hujautia."

Sukari aliyoitaja ilikuwamo kweli, na hilo ndilo jambo la pili. Udi aliokuwa akiutumia ni ule wa kupika mwenyewe: sukari inayeyushwa ndani ya marashi ya waridi mpaka iwe shira, kisha unaingia udi uliopondwa, sandali, miski, zafarani kidogo, na mafuta mazuri ya aina mbili tatu. Inapikwa kwa moto mdogo kabisa, kwa mwiko wa mti, na shira haiachwi ibadilike rangi kuwa ya kahawia. Ikishaiva inatandazwa kwenye sinia, inapoa, inavunjwa vipande, inatiwa kwenye chupa ya kioo na kufungwa. Na hapo ndipo watu walipokuwa wakichoka naye, maana aliifungia kabatini kwa wiki nyingi. Ukimwomba akupe mapema anakwambia, "Ziache zijuane kwanza."

Jambo la tatu lilikuwa la nguo. Kanga, gauni la harusi, shela, vyote alivitundika juu ya kitenga kilichofunika chetezo, akavigeuza, kisha akavikunja na kuvifungia kwenye kasha usiku kucha. Nguo ya kuvaliwa Ijumaa jioni aliifukiza Alhamisi. Nilimwuliza sababu, akanipa kanga mbili ninuse, moja iliyotoka kwenye kitenga muda ule na nyingine iliyolala kashani. Ya kwanza ilinuka moshi, nzuri, lakini moshi. Ya pili ilikuwa na joto: utamu wa mbali, ubao, kitu cha asali, na chini kabisa ukavu fulani wa ubani. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Harufu ile ya pili ndiyo ninayoitafuta kwenye kila chupa ninayoijaza.

Baadaye, nilipoanza kusoma mambo ya marashi, nilikuta kwamba mkono wa somo ulikuwa ukifanya kazi ambayo wakemia wanaieleza vizuri. Ubani una sehemu mbili kubwa. Kuna utomvu wenye mafuta ya harufu, na kuna gundi inayoyeyuka kwenye maji, isiyo na harufu ya maana. Joto la wastani linautoa utomvu harufu yake. Moto mkali unaunguza vyote kwa pamoja, na kinachopanda juu ni masizi na ukali wa koo. Na hata ndani ya mafuta yale ya harufu kuna yenye haraka na yenye subira. Mepesi, yale yanayonukia limau na msonobari, yanaruka mwanzo kabisa. Mazito yanang'ang'ania pamba na ngozi. Kasha la somo lilikuwa likiyaacha mepesi yaende zao na moshi uishe, yabaki mazito.

Kwa sababu hiyo simshauri mtu anunue kichupa cha mafuta ya ubani yaliyokamuliwa kwa mvuke na kudhani amemaliza. Mafuta hayo ni mazuri, nayatumia, lakini kwa sehemu kubwa ni yale mepesi: safi, ya kijani, yana uchangamfu wa ganda la ndimu. Ukiyapaka peke yake, baada ya saa moja hivi unabaki unajiuliza yamekwenda wapi. Uzito wa ubani, ile harufu ya kanisa kuukuu ambayo mbao zake zimefukizwa vizazi na vizazi, umekaa kwingine. Mwaka 2016 wakemia wa Ufaransa walizitambua asidi mbili zinazobeba harufu hiyo, na zimo kwa kiasi kidogo mno. Kwangu mimi maana yake ni moja tu ya kikazi: mafuta peke yake hayatoshi, utomvu wenyewe lazima uingie kwenye kazi.

Ubani wenyewe niliujua vizuri zaidi nilipofika Salalah, mji wa jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman. Nilikuwa nimemtembelea mjomba Maskati, ambako, wenye jamaa huko wanajua, unaweza kukaa wiki nzima ukazungumza Kiswahili tu majumbani. Binti yake akanichukua kwenda Dhofar. Ubani wa huko unatokana na mti wanaouita wataalamu Boswellia sacra, mti mfupi, wa matawi yaliyojipinda, gome lake likibanduka kwa karatasi nyembamba. Mvunaji haukati mti, anaukwaruza gome kwa chombo kidogo chenye makali, anaondoka. Utomvu unatoka mweupe, unaganda kwa hewa. Wa mwanzo hauna thamani. Anarudi baada ya wiki mbili hivi, anakwaruza tena, na yanayotoka baadaye ndiyo yanayokwenda sokoni. Kwenye soko la Al Husn nilimkuta mama mmoja na vikapu vimepangwa, kila kikapu na daraja lake: hojari, najdi, shazri, shaabi. Hojari inatoka upande mkavu, nyuma ya milima, ambako ukungu na manyunyu ya msimu wa kharif haviufikii mti. Alichukua punje moja, akaiinua kwenye mwanga, ikapitisha nuru yenye ukijani. Akachukua ya shaabi, ile ya upande wa pwani, ikawa nyeusi-nyeusi na mavumbi yake. Bei ya kikapu kimoja na kingine zilikuwa mbali kabisa.

Akanipa punje ya hojari niitafune. Mwanzo inavunjika mdomoni, inatawanyika, chungu kidogo, kisha inajikusanya na kuwa laini na nyeupe. Mtihani huo naufanya mpaka leo kwenye maduka ya Darajani, hapa Unguja, ninaponunua ubani maka, kwa sababu jina ni moja lakini mzigo unatofautiana duka hadi duka. Ubani mwingi katika biashara ya upande wetu wa bahari unatoka Somalia, na Somalia wana miti zaidi ya mmoja. Upo maydi, mweupe mkubwa mkubwa, unaopendwa kwa kutafunwa, na harufu yake ni nyingine. Mimi nasugua punje kati ya vidole mpaka ipate joto, nainusa, naing'ata. Ikinuka tapentaini tupu naiacha.

Kinyume na wengi wanavyotarajia, kwa marashi situmii hojari peke yake. Hojari ya kijani ni ya kuchoma mbele ya mgeni unayemheshimu, na Waoman huiloweka kwenye maji usiku wakanywa asubuhi. Kwenye chupa inaleta mwanga, haileti uzito. Nachanganya na ubani wa kahawia, uliokaa, ambao kwenye chetezo hauna sifa kubwa lakini kwenye spiriti unatoa asali na gome la mti. Muuzaji anayejua biashara yake hawezi kukuelewa ukimwomba kikapu cha daraja la chini kwa makusudi. Mama yule wa Al Husn aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Sasa, namna ya kuutoa. Punje naziweka kwenye friza kwanza, kwa sababu ubani wa joto unanata kwenye kinu na mchi haupandi. Ukishapata baridi unavunjika vizuri. Siusagi ukawa unga. Vipande vya ukubwa wa mtama vinatosha. Kwa uzito, sehemu moja ya ubani kwa sehemu nne za spiriti safi ya marashi, ya asilimia 96. Naomba hapa nisisitize kwa sababu nimeona watu wakichukua spiriti ya kuwashia jiko au ya kusafishia: hiyo huwa na methanoli ndani, ni sumu, na haiingii kwenye kitu cha kupaka ngozi. Chupa inafungwa, inawekwa gizani, inatikiswa kila siku. Baada ya wiki kadhaa spiriti inakuwa ya rangi ya majani makavu, na gundi inabaki chini kama mchanga mweupe. Hiyo gundi haitayeyuka hata ukingoja mwaka, kazi yake imekwisha. Nachuja kwa pamba, narudia kwa karatasi ya kuchujia, naiweka kwenye baridi usiku mmoja, kinachojitenga nakichuja tena. Kinachopatikana nakiita spiriti ya ubani.

Manemane ninaifanyia vivyo hivyo, ila gundi yake ni nyingi zaidi, na maji yake hutoka mekundu ya kahawia. Ni chungu, ina udongo, ina kitu cha dawa. Wengi hawaipendi wakiinusa peke yake. Mimi naithamini sana, kwa sababu utamu wote unaokuja baadaye ungekuwa wa peremende bila uchungu wa manemane chini yake. Manemane yenyewe ni jirani yetu, inatoka Somalia, Ethiopia na kaskazini mashariki mwa Kenya.

Joto linatoka wapi? Swali hili wanaoanza huniuliza zaidi ya yote, na jibu linawashangaza, kwani joto halitoki kwenye ubani. Ubani kwa asili ni wa baridi. Chukua punje mbichi uinuse, utasikia limau, pilipili manga, msonobari. Kwenye chetezo joto lilikuwa la makaa. Kwenye chupa lazima ulilete kwa viungo vingine. Vyangu ni vitatu. Cha kwanza ni jawi, utomvu wa miti ya Sumatra na Laos ambao mabibi wa pwani wameuchoma tangu zamani. Unanukia vanila na lozi, na una sifa ya kuzizuia harufu nyingine zisiruke haraka. Cha pili ni labdanamu, nta nyeusi inayonata kutoka kwenye majani ya kichaka kinachoota kwenye vilima vya Hispania, yenye harufu ya ngozi, tende na jua. Cha tatu ni vanila yenyewe. Ya Uganda na ya Kagera naipenda kuliko ile tamu tupu ya kiwandani, maana ina moshi kidogo wa asili na tumbaku kidogo. Vitatu hivi vikikaa pamoja kwa kipimo kizuri, hata kabla ya kutia ubani, unapata uwanda mpana, mtamu, wa dhahabu, na juu yake ndipo ubani na manemane wanapokaa.

Kipimo nakipima kwa mizani ya vito, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, wala sihesabu matone, kwa sababu tone la labdanamu na tone la mafuta ya ubani hayana uzito mmoja. Katika kila gramu 100 za marashi, gramu 18 ni harufu na zilizobaki ni spiriti, na robo ya spiriti hiyo ni ile niliyokwisha kuulowekea ubani. Nikizidisha robo hiyo, ngozi inanata na kola ya shati jeupe inapata alama ya njano. Kwa mwanamume anayevaa kanzu nyeupe hilo si jambo dogo.

Karafuu watu wanaitarajia kwangu, kwa kuwa natoka Zanzibar. Naitia, lakini kidogo sana. Kule Pemba hukamuliwa mafuta ya makonyo, vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na yana nguvu ya ajabu. Kitu kinachofanya karafuu iwe karafuu ni yujenoli, ambayo ngozi za watu wengine haziwezi kuivumilia, na shirika la kimataifa la watengeneza marashi limeiwekea mpaka wa kiasi. Mimi hukaa chini sana ya mpaka huo hata kwa sababu ya harufu tu, maana karafuu ikizidi inachukua chumba chote na mtu anakumbuka daktari wa meno. Ikiwa kidogo haionekani, lakini ukiiondoa mchanganyiko unalala.

Kuna shauri ambalo nimepewa na wengi na sikulikubali: kutia lami ya betula, mti wa nchi za baridi, au kitu kingine cha moshi, ili mnunuzi atambue upesi kwamba haya ni mafusho. Najua inauza. Mtu akinusa sekunde tatu dukani, moshi unamgusa papo hapo. Lakini mtu haishi na marashi sekunde tatu. Anakwenda nayo kazini, anasali nayo, analala nayo. Baada ya saa nne lami ile bado ipo, imesimama peke yake, na kila kitu kingine kimeondoka. Mimi nataka saa ya nne iwe nzuri kuliko ya kwanza.

Mchanganyiko ukishakamilika unaingia gizani. Siku za mwanzo kila kitu kinapiga kelele upande wake: limau la ubani huku, labdanamu kule, uchungu wa manemane katikati. Wiki zinavyokwenda kingo zinalainika. Kauli ya somo kuhusu udi wake wa kabatini inatosha kabisa hapa, sina nyingine bora. Na kipimo changu cha mwisho nimekichukua kwake vilevile. Siamini ukanda wa karatasi ambao watengeneza marashi hunusia. Nanyunyiza kwenye kipande cha kanga ya pamba iliyofuliwa bila sabuni yenye harufu, nakikunja, nakifungia kwenye sanduku mpaka kesho. Asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kunusa kitu chochote, nakifungua. Kama kilichobaki ni utamu tu, manemane inaongezwa. Kikiwa kikavu na kichungu, jawi. Kama hakuna kitu, narudi kwenye spiriti ya ubani.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Vitabu vingi vya marashi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako utomvu na vanila huvaliwa wakati wa theluji. Kwetu kaskazi likivuma, Januari na Februari, jasho halikauki na marashi mazito yanapanda mara moja yakamzonga mwenye kuyavaa na jirani yake wa daladala. Namwambia mteja wakati huo anyunyize nguo tu, na mara moja, tena saa moja kabla ya kutoka. Kusi likija, Juni mpaka Agosti, yale yale yanakaa karibu na mwili, yanakuwa laini, na hapo anaweza kuyatia shingoni na nyuma ya masikio. Yule aliyesema marashi ya utomvu hayafai Pwani, naamini aliyajaribu wakati wa kaskazi, akayanyunyiza mara tano.

Wateja wamenifundisha kusema ukweli wa kilichomo. Wengi hunijia wakitaka udi. Udi halisi ni ubao wa mti wa Aquilaria, wa Asia, ambao huwa na harufu pale tu mti unapoingiwa na kuvu na kujitetea kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya ubao. Ni adimu, na biashara ya miti yote ya jamii hiyo inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Vingi vinavyouzwa kwa bei ya chini kwa jina la udi ni vipande vya mbao za kawaida vilivyorowekwa mafuta. Kwenye marashi yangu udi upo kidogo sana, na ninapotumia harufu ya kiwandani iliyofanana nao naandika hivyo kwenye karatasi ya chupa. Ambari vivyo hivyo. Ambari ya nyangumi, ambayo al-Masudi, msafiri na mwanahistoria Mwarabu wa karne ya 10, aliisifu kwamba bora yake inapatikana kwenye bahari ya Zanj, yaani ya pwani yetu hii, mimi siitumii. Naweka ambroksani, ya kiwandani, safi, na inafanya kazi yake. Hakuna aliyenirudishia chupa kwa sababu nilimwambia kilichomo.

Kuna jambo linaloniuma na lazima nilitaje, la msandali wetu. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ulichimbwa na mizizi yake na kusafirishwa kimagendo mpaka Kenya ikapiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye ulinzi wa CITES. Harufu kubwa imo kwenye mzizi na sehemu ya chini ya shina, hivyo anayetaka mafuta yake hakati tawi, anaung'oa mti. Nimewahi kuletewa magogo yake usiku, kwa bei nzuri sana, bila karatasi yoyote. Sinunui, na yeyote anayeanza kazi hii namwomba asinunue. Sandali ya mashamba ya Australia ipo, ina hati zake.

Ubani wenyewe hauko salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu Boswellia papyrifera, mti unaotoa ubani mwingi wa Ethiopia, Eritrea na Sudan, ulikadiria kwamba mavuno yake yatapungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Mikubwa inakufa, michanga haikui, kwa mifugo, moto na kukwaruzwa kupita kiasi. Tangu niyasome hayo nimeanza kununua sehemu ya mzigo wangu kutoka kaskazini mwa Kenya, ambako akina mama wafugaji wa Samburu na Isiolo huokota utomvu wa Boswellia neglecta, sehemu kubwa ukiwa umejitokea wenyewe kwenye gome bila kukwaruzwa. Ni mweusi, una ukali wa kijani mwanzoni, na sikuupenda mara moja kwa jinsi nilivyouzoea wa Dhofar. Lakini ukikaa kwenye spiriti na manemane unakuwa na kina ambacho hojari haina.

Na swali ambalo halikosekani ni la bi mkubwa anayefungua kifuniko, anatabasamu, kisha anaufunga mkono. "Haya yana spiriti, mwanangu?" Namjibu ndiyo. Wapo wanaoona hakuna ubaya, wapo wasioyavaa wakienda kusali, na si kazi yangu kumfundisha mtu mzima dini yake. Kazi yangu ni kumtengenezea kitu. Kwa hiyo sasa hivi nafanya ya mafuta, kwa mafuta ya nazi yaliyochujwa yasiyoganda. Ni magumu zaidi kuliko nilivyotarajia kuyaeleza kwa mteja: mafuta hayauchukui utomvu wote, yanachukua sehemu yake, tena kwa kupashwa polepole ndani ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo ule ule wa somo. Labdanamu inakubali kwa shida, jawi inajitenga chini, mafuta ya ubani na ya vanila ndiyo yanayobeba mzigo. Hayanukii mbali, yananukia kwa anayekukumbatia. Nimeongeza mafuta ya ua la langilangi kidogo ili kuyapa umbo, ya Komoro, na manemane nimeipunguza. Chupa za kwanza ziko kabatini, zitatoka kusi likianza, na wa kwanza kwenye daftari ni bi mkubwa mmoja wa Mkunazini aliyeniagiza mbili, ya kwake na ya dada yake aliye Maskati.